Si Kila Ufa Huzaa Bahari

Mwezi Machi 2018, wakati wa mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Mlima Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Kabla tope halijakauka, habari zilikuwa zimeenea duniani kote kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, bahari itatufikia lini?"

Nilimweleza kuwa wanajiolojia wengi waliona pale kazi ya mvua, iliyosomba majivu ya volkano yaliyojaa katika nyufa za kale, na kwamba Bonde la Ufa hupanuka kwa milimita chache tu kila mwaka. Hata hivyo, nilikiri moyoni kwamba kosa lilikuwa letu sisi walimu. Tumewakaririsha vijana jinsi bonde hilo lilivyoumbika, tukasahau kuwaambia kuwa si kila ufa huzaa bahari.

Ushahidi tunao papa hapa nchini. Kutoka upande wa Ziwa Turkana kuelekea Lamu, chini ya mchanga wa nyika, limelala bonde jingine la ufa liitwalo Anza. Lilikuwa likipanuka zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, zama za madinosaria, kisha likakoma na kufukiwa na mchanga na matope yenye kina cha kilomita kadhaa. Wataalamu huliita ufa ulioshindwa.

Limejulikanaje, ilhali msafiri hapiti akaliona? Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole, akasikiliza. Ardhi nayo hugongwa vivyo hivyo, ama kwa baruti ama na tetemeko lenyewe. Mwaka 1909, Andrija Mohorovičić alichunguza tetemeko lililotokea karibu na Zagreb, akagundua kuwa mawimbi yake huongeza kasi yanapovuka ganda la dunia na kuingia katika miamba mizito iliyo chini yake: kutoka kilomita 6 hivi kwa sekunde hadi 8 hivi.

Mwaka 1990 wanasayansi walilipua baruti katika maziwa yetu, yakiwemo Turkana na Naivasha, wakapima mawimbi. Chini ya Naivasha ganda lilikuwa na unene wa kilomita 35 hivi. Chini ya Turkana, 20 tu. Sehemu ya sababu ni kwamba ardhi ya Turkana ilikwisha kunyooshwa zamani na ufa wa Anza, kabla ya huu wa leo kuzaliwa. Ufa ulikufa, lakini kovu lake lingalipo.

Kusini kuna funzo jingine. Mawimbi ya matetemeko ya mbali yanapopita chini ya Tanzania ya kati huenda kwa kasi, dalili ya mwamba baridi na mgumu. Mwamba huo una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mizizi yake hushuka karibu kilomita 200. Bonde la Ufa halikuupasua. Liligawanyika, tawi moja likapita mashariki, jingine magharibi kwenye Ziwa Tanganyika. Waama, penye wazee haliharibiki neno.

Yamkini mwenzangu atasema kuwa muhtasari umejaa na mitihani haina huruma. Nakubali. Lakini jambo hili si pambo la darasani. Wananchi wa nyika za Isiolo na Garissa, pamoja na wakimbizi wa Dadaab, hunywa maji ya visima yatokayo katika mchanga uliolifukia bonde la Anza. Atakayeyalinda maji hayo kesho ni kijana aliye mbele yetu leo, na hawezi kulinda asichojua kuwa kipo.

Wala hatuhitaji maabara ili kuanza. Mwanafunzi mmoja na alaze sikio juu ya meza ndefu, mwingine aigonge upande wa pili kwa kalamu. Atausikia mgongo huo kupitia mbao waziwazi kuliko hewani. Akishauliza kwa nini, somo limeanza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Suswa ulizibwa pale barabarani. Ule wa elimu unatungoja sisi walimu.