Ngazi Huharibika Kabla Marumaru Hazijaletwa

Mtu anayepanda ngazi hatazami miguu yake. Hutazama vidato viwili vitatu vya mwanzo, mguu ukishika kipimo, macho huenda kwingine: kwa mtoto, kwa simu, kwa anayeshuka. Tangu hapo unyayo huinuliwa kwa kadiri ya kuvuka ukingo tu, ukiacha nafasi ya sentimita chache, kwa kuwa mwili hautumii nguvu usiyoihitaji. Mama anayepandisha ndoo ya maji kichwani hadi ghorofa ya nne, kwa sababu lifti hakuna na pampu imekufa, hawezi kutazama chini hata akitaka. Anategemea jambo moja: kidato kijacho kiwe sawa na alichotoka kukikanyaga.

Usawa huo ndio kiini cha hesabu ya ngazi, na ndio unaopuuzwa. Watu hubishana kama kimo cha kidato kiwe sentimita 15 au 17, kumbe mguu huzoea vyote viwili. Usichozoea ni kidato kimoja kinachozidi wenzake. Katika kituo cha treni cha 36th Street, Brooklyn, mjini New York, kilikuwapo kidato cha namna hiyo, kirefu kwa sehemu tu ya inchi. Mwaka 2012 mtengeneza filamu Dean Peterson aliwarekodi wapita njia wakijikwaa palepale, mmoja baada ya mwingine. Filamu ilipoenea, ngazi ilirekebishwa upesi. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani haziruhusu tofauti ya zaidi ya milimita 9.5 kati ya kidato kirefu na kifupi kuliko vyote katika mkondo mmoja, yaani vidato vinavyofuatana bila pumziko.

Kupata vipimo vyenyewe si kazi ngumu. Mfaransa François Blondel, katika mihadhara yake ya usanifu majengo iliyoanza kuchapishwa mwaka 1675, alipiga hesabu hivi: mtu akitembea mahali tambarare hatua yake ni inchi 24 za kipimo cha mfalme wa Ufaransa, yaani karibu sentimita 65; akipanda ngazi iliyosimama wima, hatua yake ni nusu ya hiyo. Basi kila inchi ya kupanda ina uzito wa inchi mbili za kwenda mbele. Zidisha kimo cha kidato mara mbili, jumlisha sehemu ya kukanyagia, jibu liwe urefu wa hatua moja. Siku hizi wasanifu wengi hulenga sentimita 63 hivi.

Chukua nyumba ambayo kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3. Gawa kwa kimo cha sentimita 17, utapata vidato 17 na kitu. Hicho "kitu" ndicho mafundi wengi hukitupia kidato cha juu, na hapo ndipo mtu huvunjika jino. Vifanye vidato 18 kamili, kila kimoja milimita 167. Mara mbili ni 334. Ukiweka milimita 300 za kukanyagia, jumla inakuwa 634. Ukivigawa katika mikondo miwili ya vidato tisa, kila mkondo unahitaji sehemu nane tu za kukanyagia, kwa maana ya tisa ni pumziko lenyewe au sakafu ya juu. Hapo ni mita 2.4 za nafasi kwa mkondo mmoja. Mwenye nyumba anayezinyima ngazi mita hizo ili apate stoo ya ziada anawafanya wazee wapande kama wanakwea mnazi.

Lakini hata fundi aliyegawa sawasawa anaweza kuiharibu ngazi, na hili linaniudhi kuliko yote. Anafunga mbao, anamwaga zege, kila kidato milimita 167, pimamaji inakubali. Miezi kadhaa baadaye anakuja fundi wa sakafu. Chini anaweka tabaka la mchanga na saruji pamoja na marumaru, milimita 50. Juu vilevile, 50. Kwenye vidato anabandika marumaru na saruji kidogo, milimita 25. Sasa kidato cha kwanza kimemezwa na sakafu, kimebaki 142. Cha mwisho kimenyanyuliwa hadi 192. Tofauti ni milimita 50, na hakuna hata mmoja aliyekosea kupima!

Dawa yake ni kupima kutoka sakafu iliyomalizika, si kutoka kwenye zege. Kwa mfano huu, zege la kidato cha kwanza limwagwe kwa milimita 192 na la mwisho kwa 142, hata kama wapita njia watadhani fundi hajui kazi. Marumaru zikishawekwa, vyote vinasoma 167. Uamuzi huo haugharimu mfuko mmoja wa saruji, ila unataka mwenye nyumba achague sakafu yake kabla zege halijamwagwa. Akichelewa, atalipa watu wa kubomoa kwa patasi na nyundo, nondo zichungulie nje, na saruji njema iishie kwenye kifusi.

Hesabu ya Blondel inafaa pia ngazi za shule, za zahanati, za msikiti na kanisa, za kuteremkia ufukweni, za bustani (huko kimo kishushwe hadi sentimita 14 hivi na pa kukanyagia paongezwe). Haifai ngazi ya kuegemeza ukutani wala ya melini. Na kwa kiti cha magurudumu haina msaada. Hapo unatakiwa mteremko usiopungua sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda.