Hina ya asili na kichwa kinachowasha: chunguza kilichochanganywa

KATIKA mwambao wa Afrika Mashariki hina si jambo geni. Majani ya mhina hukaushwa, husagwa na kukorogwa, kisha bibi harusi hupambwa nayo mikononi na miguuni. Wengine huipaka nywele ili kuficha mvi. Kwa kuwa chanzo chake ni mmea, wengi huamini kwamba haiwezi kumdhuru mtu. Hata hivyo, wapo ambao baada ya kuipaka huwashwa kichwa, ngozi ikawa nyekundu, ikavimba au hata kutoa malengelenge. Kabla ya kutafuta dawa, ni vyema kujua kilichosababisha hali hiyo.

Hina halisi hutoa rangi ya machungwa, nyekundu au hudhurungi, na huhitaji saa kadhaa ili ishike vizuri. Mzio unaotokana na hina yenyewe upo, lakini ni nadra. Mara nyingi kinacholeta kero ni namna ya kuitumia: unga wenye chengachenga, ndimu iliyozidi, au rojo lililoachwa likakaukia kichwani usiku kucha. Vilevile, ngozi yenye michubuko, au iliyotoka kupakwa dawa ya kulainisha nywele, huungua kwa urahisi. Muwasho wa namna hii kwa kawaida hutulia wenyewe baada ya siku chache.

Hatari kubwa zaidi imo katika kile kinachouzwa kwa jina la "hina nyeusi". Hakuna hina halisi inayotoa weusi kwa nusu saa. Weusi wa mimea hupatikana kwa kupaka majani ya mnili baada ya hina, kazi ambayo nayo huchukua saa nyingi. Weusi wa haraka aghalabu hutokana na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 wakati wa kupaka, wala hauiruhusu kupakwa kwenye ngozi.

Hapa ndipo piko linapohusika. Piko linalochorwa mikononi mara nyingi hutengenezwa kwa rangi ya nywele yenye kemikali hiyo. Mwili ukishajenga mzio dhidi yake, mzio huo kwa kawaida hudumu maisha yote. Hivyo basi, aliyechorwa harusini akawashwa kidogo tu mkononi anaweza, miaka kadhaa baadaye, kuvimba uso mzima kwa kupaka rangi kichwani. Mtu wa aina hiyo hapaswi kutumia tena rangi yoyote yenye PPD.

Kichwa kikianza kuwasha au kuchoma, usisubiri rangi ikolee. Osha mara moja kwa maji mengi ya vuguvugu na shampuu isiyo kali, hadi maji yatoke safi. Kisha weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 10 hadi 15, na urudie mara kadhaa kwa siku. Usijikune, kwani kucha hufungua njia kwa vijidudu. Usipake ndimu, siki wala dawa ya meno. Mfamasia anaweza kukushauri juu ya vidonge vya mzio au krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1. Ngozi ikishatulia, na kama haina vidonda, mafuta kidogo ya nazi husaidia kuondoa ukavu.

Kope au uso ukivimba, au malengelenge yakitoa maji au usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukipata shida ya kupumua, usingoje hata kidogo. Chukua pakiti ya rangi uliyotumia ili mganga aione.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Nunua unga unaotaja vilivyomo, na uepuke ule usio na maelezo. Kila unaponunua pakiti mpya, paka kiasi kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, osha baada ya muda ulioelekezwa, kisha ngoja saa 48. Ukiona wekundu au muwasho, iache. Baada ya dawa ya kulainisha nywele, subiri angalau wiki mbili. Aidha, watoto wachanga wasipakwe hina hata iliyo halisi, kwani kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi katika maeneo ya malaria, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Neno "asili" kwenye pakiti halitoshi kuwa kinga. Muuzaji akikuahidi weusi wa dakika chache, muulize alichochanganya. Akishindwa kujibu, irudishe pakiti hiyo rafuni.