Bombom ya Babu Haijazeeka

Mwaka 1884 Hiram Maxim alibuni bombom yake ya kwanza. Mwaka 1905, pale Mahenge, wapiganaji wa Maji Maji waliangushwa kwa silaha za namna hiyo. Je, zimekwisha kuwa vyuma vya makumbusho? La! Katika vita vilivyoanza mwaka 2022, askari wa Ukraine wametumia bombom ya Kirusi ya mwaka 1910. Maji, ambayo wazee wetu walitumaini yangezuia risasi, ndiyo yaupozayo mtutu wake upige kwa muda mrefu. Na risasi zake bado zatengenezwa.

Ndugu zangu, binadamu huzeeka. Bunduki hutiwa mafuta ikangojewa. Anunuaye silaha leo na akumbuke kwamba huenda anawanunulia vita wajukuu zake.