Fahamu: Nani humchagua kocha mkuu wa Taifa Stars?

Kuanzia vijiwe vya kahawa karibu na stendi ya Same hadi Mamba Miamba, juu kwenye mashamba ya tangawizi, ubishi ni ule ule: Stars apewe mzawa au mgeni?

Nani anaamua?

Ni Shirikisho la Soka Tanzania (TFF). Shabiki hana kura, ingawa kelele zake husikika. Mshahara ni habari nyingine: wa Mbrazili Marcio Maximo, aliyekuja kuinoa Stars 2006, ulibebwa na serikali ya Rais Kikwete.

Kwa nini ubishi hauishi?

Kila upande una ushahidi. Mnigeria Emmanuel Amunike aliifikisha Stars AFCON 2019, ya kwanza tangu 1980. Ikafungwa mechi zote tatu, naye akaondoka. Adel Amrouche wa Algeria aliipeleka AFCON ya Ivory Coast, lakini Januari 2024 CAF ikamfungia mechi 8 kwa kauli zake kuhusu Morocco. Akashika usukani msaidizi wake, Mzanzibari Hemed Suleiman, ambaye (huwezi kutunga hili) anajulikana kwa jina la "Morocco". Akaifuzisha timu AFCON 2025 kwa kuifunga Guinea 1-0, bao la Simon Msuva.

Na Gamondi?

Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali, TFF ilimkabidhi timu kwa muda Muargentina Miguel Gamondi. Stars ikavuka makundi kwa mara ya kwanza, bila ushindi hata mmoja, kisha ikatolewa na Morocco 1-0. Wanaotaka mgeni hutaja 16 bora. Wanaotaka mzawa huuliza ni nani aliyeifuzisha.