KIYOYOZI KIKIHARIBIKA, UNALIPIA NINI?

 Mpenzi msomaji, ningependa kuitumia nafasi hii niliyopewa na Chama chetu cha Kiswahili kukueleza jambo linalowasumbua watu wengi hapa Mombasa, nalo ni gharama ya kutengeneza kiyoyozi, au eisii kama tunavyoiita mitaani.

Kuna wakati kiyoyozi kilikuwa kitu cha hoteli, benki na ofisi za wakubwa. Siku hizi hata huku mitaani kwetu utaona masanduku meupe yakining'inia ukutani. Si anasa tu. Joto letu la Januari hadi Machi halina mchezo, hasa kwa wazee na wagonjwa. Shida ni kwamba kununua ni kwa siku moja lakini kutunza ni kwa miaka, na wengi wetu humlipa fundi bila kujua tunalipia nini hasa.

Kwanza kabisa, ni vyema tujue jinsi mtambo huu unavyofanya kazi. Bila shaka umewahi kupakwa spiriti mkononi kabla ya kudungwa sindano. Ulihisi baridi, sivyo? Spiriti inapokauka huchukua joto la ngozi. Kiyoyozi nacho ni vivyo hivyo. Ndani ya mabomba ya shaba mna gesi. Kompresa iliyo katika sanduku la nje huishindilia gesi hiyo mpaka ikawa moto sana. Feni ya nje hupuliza joto hilo liende zake, na gesi hugeuka kuwa maji maji. Maji maji hayo hupitishwa mahali pembamba, yakapoteza msukumo, kisha yakaingia katika koili ya ndani ya nyumba. Huko hugeuka tena kuwa gesi huku yakinyonya joto la chumba. Halafu gesi hurudi kwa kompresa na safari ikaanza upya.

Naomba uzingatie jambo moja hapo: gesi huzunguka, hailiwi. Si kama petroli ya gari au makaa ya jiko. Ni kama damu mwilini. Ukiona damu imepungua, jua kuna jeraha mahali.

Sasa tuziangalie gharama zenyewe, tukianza na ndogo.

Gharama ya kwanza ni ada ya fundi kuja kutazama. Mafundi wengi hutoza pesa hizi hata kama hawatagusa kitu, maana wametumia nauli na muda wao. Uliza mapema kwa simu ni pesa ngapi, na kama zitatolewa katika bei ya kazi yenyewe.

Ya pili ni usafishaji. Filta ya ndani ikijaa vumbi, hewa haipiti, na mtu hudhani mtambo umekufa. Filta hii unaweza kuitoa mwenyewe, ukaiosha kwa maji, ukaianika kivulini na kuirudisha. Hiyo ni bure! Sanduku la nje ndilo linalohitaji fundi. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi ya bahari. Upepo huileta, nayo hula zile bati nyembamba za koili polepole. Kwa hivyo aliye karibu na bahari asafishe mara nyingi kuliko wa bara.

Ya tatu ni kapasita. Hiki ni kijidude kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Kikifa, utasikia mtambo ukinguruma tu lakini feni au kompresa haizunguki. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na sehemu nyingine, kwa hivyo mtu akikwambia ununue kompresa mpya, muulize kwanza kama amepima kapasita. Lakini usiiguse mwenyewe! Huweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Ya nne ni gesi, na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Jirani yetu mmoja alimwekea mama yake mkongwe kiyoyozi kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Kikaacha kutoa baridi. Fundi akaja, akasema, "Gesi imekwisha," akajaza na kulipwa shilingi 4,500. Baada ya miezi michache baridi ikapotea tena. Fundi yule yule akajaza tena, na mara ya tatu pia. Jumla shilingi 13,500. Wakati huo mwanawe, ambaye ninasoma naye, alirudishwa nyumbani kwa kukosa pesa za chakula cha mchana. Hatimaye akaitwa fundi mwingine. Huyu alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, na kumbe mapovu yakaanza kufutuka kwenye nati moja! Aliiziba, akajaza gesi, akatoza shilingi 6,000. Tangu siku hiyo mama mzee analala vizuri. Kama kazi hiyo ingefanywa mwanzo, zile 13,500 zingebaki nyumbani. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa asiyeziba ufa atajenga ukuta. Huyu wetu aliujenga ukuta mara tatu na ufa ungalipo.

Kuhusu gesi, aina nayo hubadilisha bei. Soma kibao kilichobandikwa kwenye sanduku la nje. Mitambo ya zamani hutumia R-22, ambayo huharibu ozoni, ile ngao inayotukinga na miale mikali ya jua. Mataifa yalikubaliana Montreal mwaka wa 1987 kuzipunguza gesi zinazoharibu ozoni hatua kwa hatua, na kwa nchi zinazoendelea kama Kenya, matumizi ya R-22 yanatakiwa yawe yamekomeshwa karibu kabisa kufikia mwaka wa 2030. Kitu kikiadimika, bei hupanda. Mitambo mipya mingi hutumia R-410A au R-32. Gesi hizi haziharibu ozoni, ingawa zikivuja huongeza joto duniani. R-32 pia huweza kushika moto, kwa hivyo si kazi ya kubahatisha.

Ya tano ni mota ya feni na bodi ya umeme. Hizi ni ghali kiasi. Bodi huungua mara nyingi umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kulinda umeme ni bei nafuu kuliko bodi.

Ya mwisho na kubwa kuliko zote ni kompresa, ambayo ndiyo moyo wa mtambo. Hapa piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Ikiwa matengenezo yanakaribia nusu ya bei ya mtambo mpya, na wako umeshafikisha miaka 10 au zaidi, heri ununue mwingine.

Kwa hivyo, msomaji wangu, kabla ya kumlipa fundi muulize maswali haya:
1. Ni nini kilichosababisha hitilafu hii?
2. Kama ni gesi, inavujia wapi, na umepaziba?
3. Umeondoa hewa ndani ya mabomba kwa pampu kabla ya kujaza?
4. Umepima gesi kwa mizani kulingana na kibao?
5. Sehemu kuukuu iko wapi, na risiti je?

Fundi mwaminifu hatachukia maswali haya. Atayajibu huku akiendelea na kazi. Anayekuja juu, basi hapo una jibu lako.

Sisi wanafunzi hatuna viyoyozi vyetu, lakini nyumbani tuna masikio na macho. Fundi akija na mzazi yuko kazini, mara nyingi mtoto ndiye hubaki naye. Uliza kwa adabu, andika majibu, umpe mzazi wako karatasi hiyo kabla hajatoa pesa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.