Waalimu wa Waganga Wakuu: Walitoka Wapi?

Teritori ya Bafwasende ni pana, na sehemu yake kubwa ni msitu. Mto Lindi wapita humo, na barabara itokayo Kisangani kwenda Nia-Nia na Mambasa yaukata msitu huo. Toka Kisangani hata Bafwasende penyewe ni karibu kilomita 260. Wasomaji wetu waijuao barabara hiyo wakati wa mvua hawahitaji kuelezwa. Wengine na wafikirie pikipiki moja iliyobeba sanduku la barafu, na ndani ya sanduku mna chanjo za watoto, na mbele yake pana tope lifikalo magotini.

Serikali imeigawa teritori hiyo katika zoni tatu za afya, yaani Bafwasende, Bafwagbogbo na Opienge, miongoni mwa zoni 23 za jimbo la Tshopo. Kila zoni ina mganga mkuu wake. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mganga huyu ni kupasua wagonjwa na kuandika dawa. Sivyo. Kazi yake hasa ni kuongoza: kujua watoto wangapi wamezaliwa na wangapi wamechanjwa, kugawa fedha chache kwa vituo vingi, kuwakagua wauguzi walio mbali, kutambua homa ngeni kabla haijavuka mto. Mganga aweza kuwa fundi hodari wa kisu, na hata hivyo watoto wa zoni yake wakamalizwa na surua. Basi twajiuliza: mtu kama huyu hufundishwa na nani? Na hao wamfundishao, wao walijifunza wapi?

Kwa upande wetu huu wa Tshopo, yafaa tuanze Yakusu, karibu na Kisangani, penye hospitali ya ndugu zetu Wabaptisti. Mwaka 1920 alifika hapo Daktari Clement Chesterman, Mwingereza, aliyekuwa daktari wa jeshi katika vita kuu ya 1914 hata 1918. Alikuta malale yanakula vijiji. Alijenga hospitali, lakini upesi akaona kwamba hospitali moja, hata iwe nzuri namna gani, haimfikii mgonjwa asiyeweza kutembea. Kwa hiyo akawafundisha vijana wa mahali pale uuguzi, akawatawanya katika zahanati za vijijini, nao wakawa wanawapima watu wote, wazima na wagonjwa, na kuwadunga dawa mpya ya malale. Sisi twamhesabu kuwa mmoja wa waalimu wa kwanza wa uongozi wa afya katika bonde hili, ingawa jina la kazi hiyo lilikuwa halijabuniwa.

Aliyemfuata Yakusu, toka mwaka 1936, alikuwa Daktari Stanley Browne. Huyu alizaliwa London katika jamaa isiyo na mali, akaacha shule angali kijana, akawa karani mdogo katika ofisi ya mji, huku akisoma jioni. Baadaye alijulikana dunia nzima kwa kazi yake juu ya ukoma. Wanafunzi wasomao gazeti hili na wauzingatie ukarani huo. Mtu aliyezoea kupanga majalada na kuandika orodha bila kukosa ndiye aliyeweza kuwafuata wakoma kwa majina, kijiji kwa kijiji, mwaka baada ya mwaka. Twaamini ya kuwa daftari lake liliponya watu wengi kama dawa yake.

Wakati wa uhuru, mwaka 1960, nchi ilikuwa na waganga wasaidizi waliofundishwa vema Léopoldville na Kisantu, bali Mkongo mwenye shahada kamili ya udaktari hakuwapo hata mmoja. Madaktari wengi wa Ulaya waliondoka kwa ghafula. Shirika la Afya Duniani likawapeleka makumi ya waganga wasaidizi Ufaransa wamalize masomo, nao wakarudi wakiwa madaktari. Wazee hawa walikuwa wamekwisha kuongoza zahanati kabla ya kupata shahada. Wengi wa siku hizi hupata shahada kwanza, halafu ndipo waione zahanati, na tofauti hiyo yaonekana.

Jirani zetu wa Maniema nao wana sehemu yao. Kasongo, toka mwaka 1971, madaktari wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen walijaribu mpango huu: kituo cha afya chenye muuguzi karibu na watu, na hospitali moja nyuma yake ya kupokea walioshindikana. Walihesabu kila kitu, pamoja na yale yasiyowapendeza. Mwaka 1981 walitangaza kwamba watoto waliochanjwa surua waliokoka kwa wingi kuliko wenzao, lakini kadiri miezi ilivyopita faida ile ikapungua. Si kila mtu hupenda kutangaza habari za namna hiyo juu ya kazi yake mwenyewe! Mmoja wa madaktari wa Kasongo, Wim Van Lerberghe, baadaye aliongoza uandishi wa Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2008. Na mfano wa Kasongo ni miongoni mwa mifano iliyozaa zoni za afya: katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa zoni 306, na sasa zimepita 500.

Zoni zilipokuwa nyingi, wakuu wake walitakiwa kufundishwa kwa pamoja. Kwa hiyo mwaka 1984 ikaanzishwa Shule ya Afya ya Umma katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, kwa msaada wa fedha za Marekani na kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tulane cha New Orleans. Baadhi ya Wakongo walikwenda kusoma huko Tulane, wakarudi kuwa waalimu. Wako wajuao kufuatilia njia ya maradhi na kuhesabu wagonjwa. Wako wa lishe, wa maji na mazingira, wa fedha na utawala. Wasomaji wataona kwamba si wote watu wa kisu na sindano, wala haifai wawe hivyo.

Lakini habari itufundishayo zaidi ni ya Profesa Jean-Jacques Muyembe. Alizaliwa mwaka 1942, akasoma shule za Wajesuiti, akapata udaktari Lovanium mwaka 1969, na shahada ya juu ya elimu ya virusi Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973. Angeweza kukaa Ulaya katika maabara safi. Alirudi. Mwezi wa Septemba 1976 serikali ilimtuma Yambuku, kaskazini mwa nchi, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana katika hospitali ya misioni yetu ya Kikatoliki. Alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, akaona damu haikomi kutoka pale sindano ilipoingia. Akanawa kwa sabuni na maji, ndiyo kinga aliyokuwa nayo. Kisha akamshawishi sista mmoja mgonjwa afuatane naye mpaka Kinshasa. Sista alifariki, damu yake ilipelekwa Antwerpen, na ndipo Ebola ikajulikana.

Hapa hatuna budi kusema jambo lichomalo. Masista wa Yambuku walikuwa na mapendo makubwa, na baadhi yao walitoa uhai wao wakiwauguza watu. Hata hivyo, hospitali yao haikuwa na daktari, na kila asubuhi sindano tano tu zilitolewa kwa wagonjwa wote wa nje, zikatumika tena na tena pasipo kuchemshwa ipasavyo. Kwa sindano hizo ugonjwa ukaenea. Katika wagonjwa 318 walikufa 280. Twaandika haya si kwa kuwalaumu marehemu, ambao twawaombea. Ila msomaji ataelewa kwa nini twawasumbua watu na maswali juu ya waalimu wa waganga.

Muyembe hakuuacha ugonjwa ule. Kikwit, mwaka 1995, aliwatia wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, na saba wakaishi. Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakusadiki. Lakini kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ikapatikana baadaye dawa iliyokubaliwa Marekani mwezi wa Desemba 2020. Na Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 hata Juni 2020, ikifika Mambasa, teritori inayopakana na Bafwasende, ni yeye aliyepewa uongozi wa mapambano mwezi wa Julai 2019. Walikufa watu 2,287. Mwalimu wa chuo kikuu mwenye miaka 77 alikuwa bado anakwenda kuonana na watu wa mahali penyewe.

Tusiwasahau waalimu wa wauguzi. Daktari Helen Roseveare, msomi wa Cambridge, alikuja mwaka 1953, akafundisha wauguzi Nebobongo, katika msitu uo huo wetu upande wa kaskazini. Mwaka 1964 waasi walimkamata na kumtesa. Mwaka 1966 alirudi, akafundisha Nyankunde hata 1973.

Neno letu ni hili kwa wakuu wa vyuo: kutoka Kinshasa hadi Kisangani kwa njia ya mto ni zaidi ya kilomita 1,700, na mwalimu asiyewahi kulala Opienge atafundisha namna gani kupeleka chanjo Opienge? Wanafunzi wake wangekaa miezi kadhaa katika zoni ya msituni, naye mwenyewe akiwa pamoja nao.

Na vijana wanaotuuliza njia, hii hapa. Aliye sekondari na ashike hesabu, baiolojia na kemia. Atakaye uuguzi anao Kisangani chuo cha juu cha ufundi wa uganga, kiitwacho kwa kifupi ISTM. Atakaye udaktari anao Chuo Kikuu cha Kisangani chenye kitivo chake cha uganga. Afya ya umma huja baadaye, afadhali baada ya miaka michache ya kazi. Wasichana pia twawaita, maana katika zoni zetu wagonjwa wengi wajao kituoni ni mama na watoto wao.