Picha za nyuki mauani zaweza kumwokolea mkulima mavuno

MVUA za masika zinyeshapo kati ya Machi na Mei, mashamba ya Rodi Kopany, pale barabara ya Ndhiwa na Karungu inapochepuka kutoka ile ya Homa Bay na Rongo, huanza kuchanua. Wapita njia huyatazama maua ya maboga, kunde na alizeti. Ni wachache wanaomtazama mdudu anayetua juu yake, ilhali mara nyingi ndiye huamua iwapo ua litageuka kuwa tunda au litanyauka na kuanguka.

Kumpiga picha mdudu huyo si anasa tena. Simu yenye kamera nzuri yatosha kwa kuanzia, na picha zake zaweza kumfunza mkulima mengi kuhusu shamba lake.

Ripoti ya jopo la kimataifa la bayoanuwai, IPBES, iliyotolewa mwaka 2016, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea, angalau kwa kiasi fulani, wanyama wanaosafirisha chavua kutoka ua moja hadi jingine. Mahindi na mtama huchavushwa na upepo, lakini boga halina budi kutembelewa na mdudu kwa kuwa maua yake ya kiume na ya kike ni mbalimbali.

Nyuki wa asali, ambaye Wajaluo humwita kich, ndiye ajulikanaye zaidi. Hata hivyo, dunia ina zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wengi wao huishi peke yao bila kutengeneza asali. Mfano ni nyuki wakubwa weusi watoboao mbao. Hao hulitikisa ua la nyanya au biringanya kwa mvumo wa misuli yao hadi chavua iliyofungiwa ndani imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi.

Mpiga picha anashauriwa kuamka mapema. Asubuhi wadudu huwa wazito kwa baridi, mwanga ni laini, na ua la boga limefunguka; ifikapo adhuhuri huwa limekwisha kujifunga. Badala ya kumfukuza nyuki huku na huko, achague ua moja lililochanua vyema, atulie kando yake na kungoja. Kivuli chake kisiliangukie ua, kwani mdudu hushtuka na kuruka.

Mabawa ya nyuki wa asali hupiga takriban mara 230 kwa sekunde. Kwa sababu hiyo, mwenye kamera ya kurekebisha aweke kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde au zaidi, na alenge jicho la mdudu. Mwenye simu apige picha nyingi mfululizo, kisha ateue iliyo bora. Nyuki aliye kazini uani ni nadra kumdunga mtu asiyemgusa, lakini mzinga usikaribiwe bila mavazi ya kujikinga.

Picha iliyo wazi husaidia pia kutenganisha walio sawa kwa sura. Nyuki ana mabawa manne na vipapasio virefu. Nzi wa maua, ambaye hujifananisha naye kwa mistari ya manjano, ana mabawa mawili tu na macho makubwa. Mtaalamu wa wadudu nchini Kenya, Dkt Dino Martins, alichapisha mwaka 2014 kitabu cha mwongozo kuhusu wachavushaji wa Afrika Mashariki. Huko Mbita, katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay, kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo.

Faida kubwa zaidi imo katika saa ya picha. Simu huhifadhi wakati kila picha ilipopigwa. Mkulima akipiga kwa siku kadhaa, atajua wachavushaji wake huja saa ngapi, na hivyo ataepuka kunyunyizia dawa wakati huo. Akilazimika kunyunyizia, afanye hivyo jioni wadudu wamekwisha kuondoka, wala asitumie dawa kali zikaazo ndani ya mmea unaochanua.

Anayepuuza hili na atazame Hanyuan, jimboni Sichuan nchini China. Huko, kwa miaka mingi, wakulima wa mipea wamelazimika kupanda juu ya miti na kupaka chavua kwa mkono, ua baada ya ua. Ni kazi ambayo nyuki wa Rodi Kopany bado huifanya bila malipo.